Jua Alilolitazama Mama

Kwa miaka yote aliyofundisha jiografia katika shule ya sekondari iliyo pembeni mwa barabara ya kupandia Old Moshi, Mwalimu Rachel alieleza kupatwa kwa jua kwa tochi, chungwa na ndimu. Tochi ilikuwa jua, chungwa dunia, ndimu mwezi. Alifunga mapazia, akaipitisha ndimu taratibu mbele ya mwanga, na kivuli chake kidogo kikatambaa juu ya chungwa. Kila mwaka, mwanafunzi mmoja wa nyuma aliuliza swali lile lile: "Mwalimu, wewe umeshaliona?" Naye akajibu kwamba mwaka 1980 alikuwepo. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa jibu.

Mwaka ule alikuwa na miaka minane. Redio ilitangaza kwamba siku ya Jumamosi, mwezi wa pili, jua lingefunikwa mchana, na kwamba atakayelikodolea macho angepofuka. Mama yake, Elizabeth, hakuwa mtu wa kubahatisha na macho ya watoto. Alikata majani ya ng'ombe mapema, kisha akamwingiza Rachel na mdogo wake Gidioni, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni, katika nyumba ya zamani ambamo watu walilala upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Nyufa akaziba kwa magunia ya kahawa. Mlango akaufunga.

Alichokumbuka Rachel ni giza lililoingia juu ya giza, ng'ombe walioacha kutafuna, na mikono ya Gidioni iliyomkaba shingo. Kisha mlango ukafunguliwa, na mchana ulikuwa pale pale ulipoachwa.

"Limekwisha," Mama alisema. "Rachel, maji hayajachotwa."

Ndivyo alivyokuwepo.

Habari za Luxor, mji wa Misri, zililetwa na Elisifa, mwalimu wa fizikia ambaye Rachel alisoma naye chuo kikuu. Tarehe mbili Agosti, mwaka 2027, jua lingepatwa lote kusini mwa Misri kwa zaidi ya dakika sita. Moshi lingemegwa kipande tu, na hata hicho kingetegemea ukungu, na mwezi wa nane kila mtu wa mlimani anaujua ukungu wake. Elisifa alikuwa akikusanya kikundi cha walimu. Alikwisha kupata hoteli na miwani ya kutazamia, na alizungumza juu ya safari hiyo kama mtu anayesimulia harusi ya mwanawe.

"Njoo, mwenzangu," alisema. "Tumefundisha kwa ndimu mpaka ndimu zenyewe zimechoka."

Rachel alikubali siku hiyo hiyo. Alipokubali alisubiri kusikia kitu ndani yake, furaha au hata woga, na hakusikia kitu.

Hilo halikumshangaza. Tangu Mama apigwe na kiharusi, yeye alikuwa amewapangishia watu nyumba yake ya Pasua, mjini, akapanda kuishi tena katika nyumba ya wazazi. Asubuhi alimgeuza Mama, akamsafisha, akamnywesha uji, akamwacha na jirani na kushuka kufundisha. Jioni alipanda, akapika mtori wa ndizi, akausaga laini, akamlisha, akamgeuza. Watu wa usharika walimsifu mpaka akaona haya, kwa kuwa walisifu upendo, na yeye hakuwa na hakika kama ulikuwa bado upo au ni mikono tu iliyozoea kazi. Haikuwa huzuni. Huzuni aliijua, aliwahi kuzika mume. Hii ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu huanza kuchomachoma damu inaporudi, na yeye alikuwa akingoja michomo ambayo haikuja.

Kwa hiyo alijiuliza mara nyingi, akisahihisha madaftari au akisubiri uji upoe, kama kweli alitaka kuona jua likipatwa. Au alitaka tu kujua kama ndani mwake kulikuwa na kitu kinachoweza bado kushtuka? Na kama jua lenyewe lingezimika mchana, mbele ya macho yake, naye akasimama pale akiwaza kama Mama amegeuzwa? Swali hili hakumwambia Elisifa. Lakini ndilo lililomfanya aione safari ile kama jambo asiloweza kulikosa, kama vile mtu anayeogopa majibu ya daktari asivyoweza kukosa kwenda kuyachukua.

Tatizo lilikuwa moja. Nani angebaki na Mama?

Swali la namna hiyo, kwa Wachaga, husubiri Krismasi. Desemba ilipofika, nyumba ilijaa. Gidioni alipanda kutoka Dar es Salaam na familia yake, mbuzi akachinjwa, na kikao cha familia kikaketi sebuleni chini ya uenyekiti wa baba mdogo Yoramu, aliyekuwa na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, kando ya kiti chake. Mlango wa chumba cha Mama uliachwa wazi ili asikie.

"Hebu nielewe," Gidioni alisema Rachel alipomaliza kueleza. "Dada anapanda ndege kwenda kuangalia giza?"

"Si giza. Jua linavyopatwa."

"Sasa giza si hapa lipo? Umeme ukikatika usiku, unatoka nje unaangalia mpaka unachoka. Tena bure."

Watu walicheka. Baba mdogo Yoramu alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe cheka," Rachel alisema. "Nani atamgeuza Mama?"

Kicheko kiliisha. Wote walimtazama Gidioni, kwa kuwa jibu lilikuwa lake. Yeye ndiye kitinda mimba wa kiume, na kwa mila kihamba kile, migomba na kahawa na nyumba yenyewe, vilikuwa vyake, na pamoja navyo mama aliyekuwa ndani. Rachel alikuwa binti aliyerudi kuishi kwa mdogo wake, ingawa hakuna aliyewahi kulitamka hilo.

Gidioni alisimama. Alipenda kusimama. "Wiki hiyo nitakuwa hapa mwenyewe," alisema. "Mama huyu ni wa kwangu. Dada amebeba vya kutosha. Aende akaone jua lake."

Walimpigia makofi. Rachel naye alipiga.

Gidioni alikuja tena mwishoni mwa Juni, Jumamosi asubuhi, bila taarifa. Rachel alikuwa amesimama dirishani akipoza uji, akaliona gari likisimama nje ya geti badala ya kuingia. Gidioni alishuka, akatazama huku na huku, kisha akaenda kwenye masale yaliyopandwa kuzunguka kihamba, yale majani marefu ya kijani ambayo babu zao waliyapanda kuwa mpaka. Akakata jani moja. Akalifunga fundo.

Rachel alijua kabla hajafika mlangoni.

Mtu anayekuja na jani la sale amekuja kuomba msamaha, na sale halikataliwi. Rachel aliwahi kumwona marehemu baba yake akilipokea kutoka kwa jirani aliyehamisha mpaka usiku. Alilipokea akitetemeka kwa hasira, lakini alilipokea, na jioni wawili hao walikunywa kibuyu kimoja. Wazee walisimulia kwamba hata kisasi cha damu kiliwahi kumalizwa kwa jani hilo. Hapakuwa na namna nyingine ya kuishi juu ya mlima wenye watu wengi na ardhi kidogo.

Gidioni aliingia akiwa ameinamisha kichwa, ameshika jani kwa mikono yote miwili.

"Dada, nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Agosti sitaweza. Kazini wameleta mkubwa mpya, likizo zote za mwezi huo amezifuta. Nimejaribu, Dada. Mungu ananiona."

"Na wifi?"

"Watoto wana shule. Unajua mwenyewe."

Rachel alitazama lile jani. Alisubiri hasira, hata kidogo, kwa kuwa hasira nayo ingekuwa habari njema. Haikuja. Mikono yake ilinyanyuka yenyewe ikapokea.

"Nimepokea," alisema.

Gidioni alishusha pumzi, akaketi, akaonekana mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa ndizi. "Asante, Dada. Nilisema, Dada ataelewa. Chai ipo? Na jua, lipo tu. Litapatwa tena."

"Tukiwa tumekufa."

"Aa, usikuze mambo. Kwanza ni giza tu. Si tulikuwepo mwaka wa themanini? Mimi sikumbuki hata kitu."

"Hamkuwepo."

Sauti ilitoka chumbani. Ilikuwa nzito na yenye kuburuta, kwa kuwa nusu ya mdomo wa Mama haikutii tena, lakini ilisikika. Wote wawili walikwenda kusimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama," Gidioni alisema.

"Marahaba. Hamkuwepo ninyi. Mlikuwa ndani na ng'ombe. Aliyekuwepo ni mimi."

"Mama," Rachel alisema taratibu, "si tulijifungia wote?"

Mama alimtazama kwa lile jicho zima. "Mlango nilifungia nje. Sasa ningeufungia nje nikiwa ndani?"

Gidioni aliangua kicheko. Rachel hakucheka. Alikuwa amelibeba giza lile kichwani kwa miaka yote hiyo, amelisimulia madarasani, na hakuwahi kujiuliza mkono uliofunga ule mlango ulikuwa upande gani.

"Na macho?" aliuliza.

"Nilitazama kwenye beseni la maji. Lilipozimika lote, nikainua uso."

"Lilikuwaje?"

Mama alilifumba lile jicho. Gidioni akadhani amelala, akageuka kwenda kuitafuta chai.

"Kuku walipanda kulala," Mama alisema. "Baridi ikashuka. Nikasahau kama nina watoto." Alimeza mate kwa shida. "Nilisahau kabisa. Halafu likarudi, nikawakumbuka, nikaja kuwafungulia."

Rachel aliweka bakuli la uji juu ya kistuli. Alitoka kupitia mlango wa jikoni, akapita chini ya migomba iliyokuwa ikidondosha ukungu, akafika kwenye masale. Kisu kilikuwa ghalani, lakini hakukirudia. Alikata jani kwa mkono, nalo likachanika vibaya upande mmoja. Akalifunga fundo. Aliporudi, Gidioni alikuwa amekaa kitandani kwa Mama na kikombe cha chai mkononi. Rachel alisimama mbele yake, akanyoosha jani kwa mikono yote miwili.

"Na mimi nimekosa," alisema.

"Umekosa nini tena?"

"Agosti naondoka. Mama namwacha hapa, kwako."

Gidioni alicheka, kisha akaona kwamba alikuwa akicheka peke yake. "Dada, acha utani. Hilo hujalifanya."

"Nitalifanya."

"Sale haliombi msamaha wa kosa la kesho! Wapi umeona? Huko ni kuchezea mila."

"Inawezekana," Rachel alisema, na alimaanisha. Hakuwa na hakika hata kidogo. Pengine alikuwa akifanya ujanja wa mtu aliyesoma, wa kugeuza kitu kitakatifu kuwa hoja. "Kama si halali, likatae. Kalirudishe kwenye masale."

Gidioni alilitazama jani. Alimtazama Mama, kisha jani tena. Kama Rachel angepiga kelele, angejua la kusema. Lakini dada yake alisimama tu, uso wake mtupu kama ubao uliofutwa, mikono mbele.

"Bosi atanifukuza," alisema.

"Utamweleza. Uliwaambia watu wote Mama ni wa kwako."

"Pokea, Gidi," Mama alisema. "Chai inapoa."

Aliweka kikombe chini. Alipokea, kwa mkono mmoja kwanza, kisha, kwa kuwa alikuwa amelelewa vyema, kwa miwili. Halafu akatoka nje na simu, na kwa muda mrefu walimsikia akitembea huku na huko kwenye kahawa, akisema ndiyo mzee, hapana mzee, ni mama yangu mzazi, mzee, hakuna mwingine.

Rachel alifunga mlango ili Mama asipate baridi. Akamgeuza upande wa ukutani, akamwekea mto mgongoni, akamfuta mdomo. Alijichunguza kama mtu anavyogusa jino baada ya sindano ya ganzi. Alikuwa ameshinda, kama huko kulikuwa kushinda, na hakukuwa na kitu. Vidole vyake tu ndivyo vilivyonuka utomvu wa jani. Aliwaza kwamba pengine hata Luxor ingekuwa hivi, watu wote wakipiga kelele na yeye amesimama na miwani yake. Bado angekwenda. Hakuona tena sababu ya kujua kwanza.

"Mama," alisema, "pale uliposahau kama una watoto. Ulijisikia vibaya?"

Mama alifikiri, jicho likiwa limefumbwa.

"Nilisikia baridi," alisema. "Chukua sweta."

Luxor mwezi wa nane ni tanuri. Rachel alilijua hilo, amelifundisha, ameliuliza katika mitihani. Alifungua kabati, akatoa sweta la rangi ya maziwa, akalikunja vizuri, akaenda kuliweka kwenye begi ambalo hadi siku hiyo halikuwa na kitu.