Butoyi Bila Bukuru

Hadi leo nikisikia harufu ya uji mzito wa muhogo, naona mlango wa ofisi ya komini, ile serikali ya mtaa, kule Cibitoke. Vita vilikuwa vimemaliza hata gundi mjini, kwa hiyo karani alimwambia mama aje na ya kwake. Niliikoroga mimi mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, unga wa muhogo na maji ya moto, na ni mimi niliyeshika kopo wakati tangazo letu likibandikwa mlangoni.

Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, kama wengine wasemavyo Kulwa na Doto. Mimi nilikuwa Butoyi. Ukitaja jina hilo tu, mtu anachangamka: "Na Bukuru iko wapi?" Bukuru wangu alipotea siku tulipokimbia vita mtaani kwetu Mutakura. Nilikuwa nimemshika mkono, umati ukatusukuma, nikamwachia. Ndiyo, ni mimi niliyemwachia. Mwalimu aliuliza, muuza mkaa aliuliza, hata padri. Kuuliza si ujinga, lakini kila swali lilimlaza mama siku nzima, uso ukutani. Mwishowe akaandika barua kuomba nibadilishiwe jina.

"Mi nimechoka kujibu, mutoto wangu," aliniambia. "Apana, siwezi tena."

Karani alitusomea tangazo: Butoyi ataitwa Nzeyimana, mwenye pingamizi aje kabla ya miezi mitatu kwisha. Moyo wangu uliruka. Nani angepinga kama si Bukuru? Tena alijua kusoma kunishinda! Basi kila nikitoka shule nilipita pale kumngoja. Mvua ikibandua pembe ya karatasi, nilikoroga uji mwingine nikaibandika upya. Siku moja mama alinikuta, akadhani nimelipenda jina jipya, akanikumbatia kwa nguvu. Nami nikaendelea kuibana ile pembe mpaka ikashika.

Miezi mitatu ikaisha, Bukuru hakuja. Karani akagonga muhuri, na usiku ule mama alilala usingizi wa kweli.

Sasa mama hayupo, na ule mlango umepakwa rangi ya buluu. Kitambulisho changu kinasema Nzeyimana. Watu wananiuliza habari za kazi, za watoto, za mvua. Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyeniuliza Bukuru yuko wapi. Jamani, niulizeni.