Vyembe Vilivyofungwa Mafundo Matatu

Nakumbuka Jumapili moja huko Giteranyi ambayo mpaka leo, mwanangu Idi, haijanitoka. Tangu uliponipigia simu Jumanne kuniomba vyembe vya babu yako, vile vichwa vya chuma vya mishale, sijakaa kwenye kiti nikatulia. Kopo lake nimelitoa chini ya kitanda, nikaliweka juu ya kabati, nikalirudisha chini ya kitanda. Ugali wa jana niliuunguza. Ulisema Jumamosi wewe na wenzako mnapanda kilimani nje ya Gitega kulenga mgomba, na unaona aibu kwenda na mishale ya vijiti. Nilikujibu, "Tutaona," nikakata simu. Lile halikuwa jibu. Jibu ni hili.

Wazazi wetu walikufa mwaka mmoja, mama akitangulia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, baba yako Saidi kumi na mmoja, Mariamu minane. Niliacha shule wiki ileile nikashika jembe. Shamba letu la mahindi lilipakana na kijisitu, na ngedere walijua kwamba nyumba ile haina tena mwanamume. Walishuka mchana kweupe, wakavunja mahindi machanga, wakaketi mpakani kunitazama huku wakitafuna. Mahindi yale ndiyo tuliyoyategemea mwaka mzima. Nikamwendea Mzee Ndikumana, jirani yetu aliyechonga pinde, nikamwomba anifundishe kulenga.

Kwetu msichana hakushika upinde. Mzee alilitazama shamba letu kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Bon, sawa. Kesho kuja na mikono miwili. Machozi uyaache nyumbani."

Hakunipa upinde siku hiyo. Alinipa kijiti kilichofungwa uzi katikati, akanifundisha kupima: chembe upande mmoja, punje za mahindi upande wa pili, mpaka kijiti kilale sawa. Mishale yote ya mtu, alisema, lazima iwe na uzito mmoja mbele, la sivyo mkono unajifunza leo na kusahau kesho. Baba alikuwa ametuachia vyembe vya mti, butu, vya mviringo kama kidole gumba, vimetundikwa kikapuni jikoni na kuiva kwa moshi. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa punje kumi. Chembe butu hakijifichi chini ya majani ukikosa, na kikipiga mgomba hutoa mshindo ambao ngedere anausikia mbali.

Nililenga kwa vile vya mti miezi miwili. Mimi na wadogo zangu tulikuwa na kawaida yetu: mmoja anajibanza nyuma ya kichuguu karibu na shabaha, anapaza sauti kusema mshale umepita wapi, kisha anakwenda kuuokota. Kwa mishale ile hakuna aliyewahi kuumia.

Lakini Jumapili, watu wakishatoka kanisani, vijana wa mtaa walikuja kulenga pamoja nasi, wao na vyembe vyao vya spoku za baiskeli vilivyonolewa kwenye jiwe. Walicheka mpaka wakashika magoti.

"Dada Zuhura, huyo ngedere utamwua ao utamkorogea uji? Naona umeleta mwiko!"

Maneno madogo, mwanangu. Lakini mtu aliyefiwa hana ngozi. Niliyabeba wiki nzima, nalima nayo, nalala nayo. Jumamosi jioni nikalitoa kopo la baba. Ndani mlikuwa na vyembe vinane vya chuma alivyovifua mwenyewe, vipana, kila kimoja na miiba miwili inayotazama nyuma, vimefungwa kitambaani kwa mafundo matatu. Nilikata mafundo kwa kisu kwa sababu vidole havikuwa na subira ya kuyafungua.

"Dada, Mzee hakusema tutumie hivi," Saidi aliniambia.

"Mzee si baba yako."

Sikupima. Kama ningepima, ningeona kwamba chembe kimoja kinavuta punje zaidi ya thelathini. Nilikivika kwenye unyasi uleule mwembamba wa mshale uliozoea punje kumi, na kesho yake nikasimama mbele ya wale vijana na upinde wangu. Walinyamaza. Kimya kile kilinipendeza, siwezi kukuficha. Nikauachia mshale.

Mshale ulitoka ukijipinda kama mkia wa mjusi. Haukufika kwenye mgomba. Ulianguka njiani juu ya jiwe lililofichwa na majani, ukaruka kando, kuelekea kichuguuni. Zamu ile ilikuwa ya Mariamu. Alikuwa amechungulia, mguu wake mmoja uko nje.

Hakulia mara moja. Alisema tu, "Dada, umenipata."

Chuma kiliingia kwenye misuli ya mguu, nyuma, chini ya goti. Kijana mmoja alikwisha kushika mti wa mshale ili auchomoe, mimi namhimiza, ndipo Mzee Ndikumana akaja mbio akipiga kelele, "Oya! Usivute! Hii iko na miiba, itatoka na nyama!" Alikata mti, akafunga mguu kwa shuka lake pamoja na chuma humohumo, tukampakia mtoto kwenye baiskeli mpaka kituo cha afya, na kutoka hapo akapelekwa hospitali ya Muyinga. Wiki tatu hatukujua kama mguu ungekanyaga tena.

Mzee alitufuata huko na chupa ya uji. Mi nilikuwa nazunguka uani, siwezi kukaa, siwezi kuingia ndani. Alinisimamisha.

"Mi sitakugombeza juu ya kukosa mgomba. Kila mtu anakosa. Lakini baba yako aliacha vitu viwili. Kimoja alikipiga mafundo matatu. Kingine akakitundika pale mkono wa mtoto unafika. We uliona kipi iko chako?"

Nadhani bado namjibu.

Nilirudi shambani na vile vya mti. Sikuwahi kumpata ngedere hata mmoja, lakini mshindo kwenye mgomba uliwachosha, wakahamia kwingine, nasi tukala mahindi yetu. Shangazi yako Mariamu unamwona anavyouza vitenge Kobero, anauburuta mguu kidogo siku za mvua. Nilimpigia juzi kumwuliza nikupe ao nikunyime. Akacheka.

"Mpe, vya babu yake. Lakini ving'oe meno kwanza. Ngedere uliyempata wewe ni mimi peke yangu, na ninatosha."

Basi jana nilikwenda kwa fundi chuma karibu na soko la hapa Gitega. Vyembe saba amevikata miiba, amevisaga mpaka vikawa vyembamba kama mti wa mshale wenyewe: vinaingia kwenye mgomba, na ukivuta vinatoka. Cha nane, kile kilichomwingia mguuni, kiko kwa Mariamu, na kitabaki kwake.

Mwanangu, nakupa pia vile vya mti. Anza navyo, ulenge visiki na majani mpaka mkono ukomae. Vya chuma viweke kwa ajili ya mgomba tu, juu ya mshale mnene wenye kuvibeba. Nakuwekea na kijiti cha uzi. Pima kila kimoja, hata kama wenzako wanasubiri. Asisimame mtu mbele, wala kando, wala nyuma ya kichuguu. Mkaokote pamoja wakati pinde zote ziko chini. Na chembe usikichague kwa sababu ya anayekutazama. Mimi nilikichagua hivyo, na aliyelipia alikuwa na miaka minane.

Wakikucheka, waache wacheke mpaka wachoke. Mungu aupe mkono wako utulivu ambao wangu haukuwa nao, na jioni ya Jumamosi akurudishe wewe na wenzako wote, mkitembea kwa miguu yenu. Nitakuwa mlangoni nikikungoja.