Msukumo Mmoja

Hapa Ruashi, mgodi ukilipua baruti mchana, tunashika glasi zetu mezani na kuendelea kula. Mama peke yake huweka kijiko chini. Tangu nimlete kwangu hajazoea.

Yaya wangu, kaka mkubwa, anauza samaki wakavu Pweto. Nyumba yake iko karibu kabisa na ule ufa wa ardhi unaopita kando ya ziwa. Chini amebomoa kuta za mbele apate duka pana. Zimebaki nguzo nyembamba zinazobeba étage nzima ya juu, ya matofari. Mimi ni ingénieur wa majengo, nilimkataza mpaka sauti ikanikauka. Nilimweleza: mbali na ufa, tetemeko hutikisa kidogokidogo, mara nyingi. Karibu, nguvu yake yaweza kufika kwa msukumo mmoja mkubwa. Mtu ukimtikisa bega atayumba na kusimama tena. Ukimsukuma kwa nguvu na miguu yake ni dhaifu, ataanguka. Na miguu ya nyumba ile ameikata yeye mwenyewe.

Halafu mwaka jana ardhi ikatikisika Pweto, kidogo tu, hata sahani hazikuvunjika. Akanipigia simu akicheka.

"Ingénieur, ulisema itaanguka. Iko wapi imeanguka? Nyumba yangu imepita examen."

Mtihani gani? Ile ilikuwa salamu tu. Nilimkatia simu kwa hasira, na tangu siku hiyo maneno yangu hayana thamani kwa mtu yeyote wa familia. Mungu anisamehe, nilitamani ukuta mmoja uanguke bila mtu ndani, wanisikilize.

Juzi Mama akasema anahamia kule. Yaya amemtengenezea chumba cha chini, nyuma ya duka, maana magoti yake hayawezi ngazi.

"Mama, usiende," nikasema. "Nyumba ile haina nguvu."

"Huku banatutikisa na baruti kila siku," akajibu. "Kule ilitikisika mara moja tu, na nyumba ikasimama. Uniache nikapumzike, mwanangu."

Kazini naeleza habari za nguzo na watu wananielewa. Mama yangu nikamtafutia lori.

Leo asubuhi nimefunga godoro lake juu ya lori. Nimemwambia kitanda akiweke karibu kabisa na mlango. Akaniuliza kwa nini. Nikasema pale kuna hewa nzuri.