Mota ya Jirani

Pale Hale, enzi za Ujamaa, tulikuwa wawili tu wenye leseni ya kuzungumza na dunia kwa redio: mimi na jirani yangu, fundi mwenzangu wa kituo cha umeme. Kila nilipobadili masafa ilinibidi nitoke nje, nikaizungushe kwa mkono koili, ule mviringo wa waya chini ya antena, mpaka antena ishike masafa mapya. Na nje kuna watu. Mzee akipita nimpe shikamoo, naye aniulize za nyumbani, za shamba, za wakwe kule Vugiri. Nikirudi ndani, niliyekuwa nikimsikia redioni ameshapotea.

Jirani akafunga mota ya waipa ya gari kwenye koili yake. Anabonyeza swichi sebuleni, koili inazunguka yenyewe, basi.

"Mwenzio anaongea na Japani amevaa msuli," mke wangu aliniambia. Siku hiyo sikula.

Mota ilipoungua nilikwenda kumpa pole. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile. Nilipoaga, akaniletea boksi. Kumbe tangu mwanzo alinunua mota mbili kule Korogwe, na ya pili alikuwa ameniwekea mimi. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikazidi kumchukia.