Inspekta Alipofika Msamala

Wiki iliyopita mashine ya kupukuchulia mahindi iliingia uani kwetu ikivutwa na trekta. Ikanguruma, ikatema magunzi huku na punje kule, ikaondoka. Mama alikuwa ameteleka chai. Chai ilipochemka, mashine ilikuwa imeshafika kwa jirani wa tatu. Nilibaki nimesimama na kikombe changu kitupu kama mtu aliyewahi msibani akakuta wameshazika.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliosoma nao wametawanyika hadi mikoa ambayo mimi naisikia kwenye taarifa ya habari. Mimi nimefika Peramiho, na siku hiyo hiyo nilirudi kwa basi la kwanza. Kwa hiyo mtu akitaka nimsimulie maisha yangu, ajiandae kusikia habari za ua mmoja wa Msamala hapa Songea, mkeka mmoja, na kitabu kimoja kisicho na jalada.

Kitabu chenyewe kilikuja na mkono uliovunjika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yalitoka, yakanikuta nyumbani, yakaniacha nyumbani. Mama alinipa jembe tu. Tukalima, tukapalilia, na mahindi yakafaulu vizuri kuliko mimi. Tulipoyavuna tuliyajaza sebuleni, lundo likafika dirishani, tukawa tunapita kwa ubavu kwenda vyumbani. Hapo ndipo mama alipoteleza bombani na ndoo kichwani. Walimlaza siku chache kule hospitali ya misheni, akarudi na bandeji ngumu ya plasta toka kiganjani hadi juu ya kiwiko, na chini ya kwapa la mkono mzima kitabu alichoachiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Katika siku hizo chache dumuzi, wale wadudu watoboao punje, walikuwa wameingia. Ukiokota hindi ukaligonga sakafuni, lilidondosha unga.

"Mama, haya yanajisaga yenyewe," nilimwambia.

Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akalitazama lile lundo, chakula chetu cha mwaka mzima, kisha akautazama mkono wake. "Yasipopukuchuliwa na kutiwa dawa ndani ya wiki mbili," akasema, "mwakani tutakula hicho kitabu."

Kuyapiga kwa fimbo juu ya kichanja alikataa. Punje inapasuka, na punje iliyopasuka ni mlango wa dumuzi. Mashine siku hizo ilikuwa habari ya wakulima wakubwa. Ilibaki mikono, na mikono ya mtu mmoja, tena mvivu, isingetosha. Ilikuwa lazima tuite majirani.

Sasa, kwetu huiti watu kupukuchua kwa maneno matupu. Unawaita kwa togwa. Mtu akinywa kikombe cha togwa tamu, vidole vyake vinajua vyenyewe vimefuata nini. Mama hakuweza kupika kwa mkono mmoja, akanielekeza akiwa amejilaza. Nilipika uji vizuri. Kisha nikatia kimea cha ulezi, ndicho kinacholeta utamu, uji ukiwa bado unatokota, badala ya kusubiri upoe. Anayejua togwa ameshashika kichwa. Kimea kilikufa palepale.

Walikuja wanawake watatu. Mmoja alikuwa mke wa katekista. Wa pili alikuwa mama wa vitumbua, mtu wa Tunduru aliyeolewa mtaani kwetu. Wa tatu alikuwa Afande, askari mstaafu wa kike, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hata kuku wake walitembea kwa mstari. Nikawagawia vikombe. Wakaonja, wakatazamana.

"Uji mzuri," alisema mke wa katekista.

"Ni togwa, mama."

"Ndiyo, mwanangu. Uji mzuri."

Waliketi kwa heshima ya mama yangu, lakini niliona vile vikombe vinavyowekwa chini, na niliona mama wa vitumbua anavyotazama jua. Wangepukuchua kidogo, wangempa pole mgonjwa, na kesho wasingeonekana. Nami, kwa aibu, nilijificha nyuma ya mlango nikafungua kitabu. Ndiyo tabia yangu mpaka leo. Shida ikiingia mlango wa mbele, mimi nakutwa nasoma mlango wa nyuma.

"We kijana!" Afande aliniona. "Mama yako amefungwa mkono, wewe unasoma?"

"Kitabu cha upelelezi, Afande. Nakitazama tu."

"Soma kwa sauti. Na sisi tuutazame huo ushahidi."

Nikasoma. Jino la dhahabu lilianguka kutoka kwenye gunia la mchele, ghalani, mbele ya vibarua kumi na wawili, na hakuna aliyeliokota. Mpelelezi aliyeitwa alikuwa mwanamke, Inspekta, mwenye goti bovu na mdomo mchafu, aliyetafuna tangawizi ili asisikie harufu ya maiti. Alichomoa kisu, akapasua gunia la pili.

Nikanyamaza nivute pumzi.

"Kukawa na nini?" mama wa vitumbua aliuliza. Mikono yake ilikuwa inapukuchua mbio. "Gunia la pili, kukawa na nini? Wallahi, ukifunga hicho kitabu nakumwagia huo uji wako."

Basi kitabu kikawa togwa. Kesho yake walikuja kabla sijafagia uwanja. Mke wa katekista alisema anakuja kwa ajili ya mafundisho, lakini kila ilipofika damu alinyoosha shingo na kuniomba nirudie, eti hakusikia vizuri. Mama wa vitumbua alishuku kila mwanamume aliyetajwa, hata daktari aliyepita ukurasa mmoja kupima maiti. Afande ndiye alinitesa. Inspekta alipoingia chumba cha marehemu akaketi kitandani, Afande alitupa gunzi chini.

"Ameketi kitandani? Juu ya ushahidi? Huyo mimi ningempeleka lindo la getini miezi sita!"

"Ana goti bovu, Afande," nilimtetea.

"Na mimi nina mgongo mbovu. Sijawahi kuketi juu ya ushahidi."

Siku moja mke wa katekista alipiga ukelele akarusha mahindi ya mapajani. Alikuwa ameona jino. Tulikusanyika wote. Afande alichuchumaa, akaliokota kwa ncha ya kanga, akaligeuza juani kwa muda mrefu. "Ni punje," alitangaza. "Ya njano. Imeingilia kutoka shamba la jirani." Mama alicheka mpaka akaushika ule mkono wake wa plasta. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka.

Na mimi? Mimi nilikuwa mfalme. Baridi ya Julai inashuka kutoka milima ya Matogoro, nimejifunga blanketi, nimekaa juani, sipukuchui hata punje. Walinitania kuwa mimi ni mwali, nimewekwa ndani, bado kupakwa manjano tu. "Mwali wetu, soma!" walisema, na mwali akasoma.

Ila siku ya sita nilishtuka. Kitabu kilikuwa kimebaki chembamba upande wa kulia, kurasa thelathini hivi, na lundo sebuleni lilikuwa bado linafika usawa wa kiuno. Hawa watu walibishana kuliko walivyopukuchua. Inspekta alishapata nyayo, alishapata kisu, alikuwa anapanda ngazi za nyumba ya mtu. Kesho angemkamata. Keshokutwa uwanja ungekuwa mtupu, na dumuzi wangebaki na mimi na mkono mmoja wa mama.

Nilifanya alichofanya kila mhalifu katika kitabu kile. Nilijiambia ni mara moja tu.

Inspekta akafika juu ya ngazi, akakuta chumba kitupu. Hilo halikuwemo kitabuni. Mezani, nikasoma kwa sauti ileile, kulikuwa na tiketi ya basi. Mtuhumiwa alikuwa ametorokea Songea.

"Songea!" walipiga kelele wote.

"Songea hii hii?" mke wa katekista aliuliza.

"Kitabu kinasema Songea," nikasema, macho yangu yakiwa kwenye mistari inayosema mambo mengine kabisa.

Nilimleta Inspekta kwa basi, nikampangishia chumba Majengo. Nikamtesa kwa baridi mpaka akanunua sweta la mtumba. Nikamlisha ugali kwa dagaa wa Nyasa akasifia. Wasikilizaji wangu wakakaza mikono, sasa hawabishani hata kidogo, wanaelekeza tu: asipite njia ile, apite hii, akaulize kwa fundi cherehani wa pale pembeni, yule anaona kila kitu. Kila alikoelekezwa, kesho yake kitabu kilimpeleka. Hawakushangaa. Niliona jinsi mtu anavyopenda kuamini kitabu kinachomtii.

Lundo likashuka hadi magotini.

Siku ya tisa, baada ya wengine kuondoka, Afande alibaki akikung'uta makapi kwenye kanga yake. Mama alikuwa amejilaza ndani.

"Ile mashine ya kusaga alimojificha mtuhumiwa," alianza, bila kunitazama. "Ina mlango wa bluu?"

"Ndiyo, Afande."

"Kama ya hapa kwetu."

"Inafanana, Afande."

"Ilipakwa bluu mwezi uliopita. Mwandishi wa kitabu kisicho na jalada amejuaje?"

Nikakohoa. Aliendelea kukung'uta.

"Na jambo la pili. Wewe ukifungua ukurasa unalamba kidole. Nilikuwa nataka kukukanya, ni uchafu. Lakini tangu siku tatu hujakilamba. Unasoma ukurasa mmoja siku tatu?"

"Afande..."

"La tatu, shahidi. Mama yako alikisoma hicho kitabu chote wodini. Nilimuuliza siku ile ya kwanza muuaji ni nani, akaniambia. Mimi siwezi kukaa kupukuchua na mtu asiyejulikana. Humo ndani hamna Songea."

Nilihisi baridi kuliko ile ya Matogoro. Kumbe mama alijua. Siku zote tatu alikuwa amekaa pale mkekani, anaunga mkono, "Eeh, halafu?" kama vile hajui kitu.

"Nilitaka mahindi yaishe," nikasema. "Wakijua, hawatarudi. Dumuzi watakula yote."

"Najua ulichotaka. Sababu ipo. Lakini wale ni watu wazima, umewapukuchulisha kwa uongo. Kesho utakiri mwenyewe. Na jambo moja zaidi." Alijifunga kanga vizuri. "Mtu asiyesoma kitabu hana haja ya kushika kitabu. Mikono yako iko huru."

Usiniulize nililalaje. Asubuhi walipoketi nilisimama mbele yao kama niko kizimbani, nikakiri: tangu ile tiketi ya basi, yote ni ya kwangu. Kitabu hakina Songea. Mama alikuwa anahesabu nyuzi za mkeka. Nilitazama lile lundo la magotini, nikaanza kuliaga.

Mama wa vitumbua ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo huyu Inspekta aliyenunua sweta ni wako?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa ghalani ni wa kitabu?"

"Ndiyo."

"Wa kitabu alikuwa analalamika goti mno." Akavuta hindi. "Endelea na wako."

"Lakini na wewe ukae chini upukuchue," alisema mke wa katekista, na uso wake haukuwa na mchezo. "Mwongo mkubwa wewe. Umenifanya nimwombee yule fundi cherehani kanisani."

Nikakaa. Ndipo nikajua kupukuchua ni nini. Siku ya kwanza kidole gumba kilivimba, siku ya pili kikachubuka, na Afande akawa anatazama kila nikipumzika. Nilisimulia mikono yangu ikiwa kazini, na ajabu ni kwamba hadithi ilikwenda vizuri zaidi. Nilipokwama, mtu alinipa hindi na wazo pamoja.

Halafu likatokea ambalo sikulipigia hesabu. Siku zote niliogopa kitabu kitaisha kabla ya mahindi. Siku ya kumi na mbili, Inspekta akiwa stendi, mkono kwenye kitasa cha mlango wa ofisi ya tiketi, mtuhumiwa ndani, nikanyoosha mkono mlangoni mwa sebule kuchukua hindi, nikashika sakafu. Yamekwisha. Sebule ilikuwa sebule tena. Dumuzi walikuwa wamepata sehemu yao ndogo, na yetu ilikuwa mle uani, ikisubiri dawa na magunia.

Nikainuka nishukuru, kama desturi. "Mama zangu, Mungu awabariki, kazi imeisha, sasa mnaweza..."

"Kaa chini," Afande alisema. "Mtuhumiwa hajakamatwa."

Hakuna aliyeinuka. Walikaa na mikono mitupu mapajani, jambo ambalo sijawahi kuona wanawake wa mtaa wetu wakilifanya mchana, mpaka Inspekta alipofungua mlango.

Mahindi yale tuliyala hadi yaliyofuata yakakomaa. Afande tumeshamzika, na kwenye mazishi yake mama wa vitumbua aliniuliza kwa kunong'ona kama Inspekta amepewa taarifa. Kurasa thelathini za mwisho sijazisoma mpaka leo. Mvivu hakosi sababu. Yangu ni kwamba nikizisoma, itabidi nikubali yule mtu hakuwahi kupanda basi.

Basi wiki iliyopita, mashine ilipoondoka ikaniacha na kikombe changu, mama aliniita ndani. Alikuwa ameficha sinia la mahindi chini ya kitanda, mashine isiyaone.

"Haya ni ya mbegu," alisema. Macho yake hayasomi tena, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. "Lete kitabu."

Nikakileta, nikakaa mkekani. "Nisome ya kweli au ya kwangu?"

"Ya kweli nayajua," akasema mama, akanisukumia hindi moja.

Nikafungua popote. Nikalamba kidole kwanza, kwa heshima ya Afande.