Samli ya Gari la Rwegoshora

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Waliosema hivyo hawakumwona mume wangu wiki ile lori lilipofika. Mimi nasema lori. Yeye alisema "bibi harusi", tena mbele yangu mimi niliyemzalia watoto, bila hata kupepesa macho.

Rwegoshora ni mtu wa Ihembe, wa kuzaliwa hapa hapa, na ameshika usukani tangu ndevu zake zikiwa za kuhesabika. Miaka yote hiyo aliendesha malori ya watu. Alibeba ndizi kutoka Kyerwa, kahawa, maharage, na mara moja alibeba kengele ya kanisa, akaendesha polepole kiasi kwamba wazee wa kanisa walishuka wakatembea. Tajiri wake wa mwisho alikuwa mtu wa kutaka faida bila kununua hata kopo la rangi. Lori lake lililiwa na kutu mpaka mlango wa dereva ukawa unafungwa kwa kamba za mgomba. Siku moja kwenye mlima wa Rugu sakafu ikatoboka chini ya miguu ya mume wangu, akaona barabara ikipita kati ya viatu vyake. Alirudi nyumbani akasukuma sahani pembeni.

"Agnetha," akaniambia, "nikipata gari langu mwenyewe, kutu haitaligusa. Nasema haitaligusa."

Tukapalilia kahawa, tukauza ndizi, tukauza ng'ombe, tukala kwa kujibana mpaka watoto wakazoea. Likaja. Lori dogo la bluu, jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Ile nailoni haijatolewa hadi leo. Ukikaa inalia chini yako, na jua likiwaka inakushika mapaja. Nimesema, nimechoka.

Adui wa kwanza alikuwa kokoto. Barabara zetu za changarawe mnazijua: gari la mbele likikanyaga gesi, wewe wa nyuma unapigwa mawe kama mwizi. Basi Rwegoshora akawa hafuati gari la mtu. Akiona basi mbele anaegesha pembeni, anazima injini, anangoja vumbi litulie, halafu ndipo anaondoka. Wapakiaji wa Omurushaka walimkasirikia, maana ndizi zilianza kuiva njiani. Akasuka mkeka wa magamba makavu ya mgomba, akaufunga usoni mwa gari kama kitambaa cha mtoto anayelishwa uji. Akakata matairi ya zamani akatengeneza vizuizi vya matope vilivyokaribia kugusa ardhi. Na pamoja na hayo yote, kokoto moja ikapenya ikachubua rangi juu ya taa. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, akaenda sokoni kutafuta rangi ya kucha ya bluu. Muuzaji alimwambia, "Shemeji atapendeza sana." Akajibu, "Si ya shemeji yako, ni ya gari," na habari ikafika nyumbani kabla yake.

Adui wa pili ndiyo kutu yenyewe, na hapo lazima nimlete mama mkwe wangu.

Mama Kokwijuka anakaa ng'ambo ya migomba yetu, hatua chache tu. Mzee Nestory, mumewe, alipofariki, mama alilala. Hakuwa na ugonjwa wowote ambao daktari angeweza kuutaja. Alilala tu, uso ukutani, na ukimpelekea chakula anakushukuru na kukiacha. Rwegoshora alikuwa akitoka kumwona anapita nyuma ya choo ili nisimwone anavyofuta macho. Miezi ikapita hivyo. Halafu siku lori lilipoingia uwanjani na kupiga honi, tukamwona mama anakuja mwenyewe kati ya migomba, na fimbo mkono mmoja, na kibuyu kidogo cha samli mkono wa pili. Kwao kitu kipya hakianzi kazi bila samli. Mtoto mchanga hupakwa, bibi harusi hupakwa, hata mkuki wa babu ulipakwa. Akachovya kidole, akaligusa lori katikati ya uso.

"Chuma nacho kina ngozi, mwanangu," akasema. "Kisiachwe kikauke."

Tangu asubuhi ya pili yake tukaanza kusikia kisabo. Hicho ndicho kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa. Unakitikisa magotini mpaka siagi ijitenge, na sauti yake ni kama mtu anayenong'ona na kunyamaza, ananong'ona na kunyamaza. Mama alikuwa ameamka. Kila juma alivuka migomba na kibuyu chake, anamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili. "Imetosha?" anauliza. "Imetosha, mama, asante sana," anajibu yeye, amepiga goti kama mvulana. Mimi moyo wangu ulifurahi, sitadanganya.

Kilichofuata ndicho kilichonikera. Rwegoshora aliipaka samli yote kwenye gari. Yote! Milango, kingo za boneti, ndani ya madigadi, chini kwenye chesisi ambako hata fundi haangalii. Alilala chali chini ya lori na kitambaa, anaimba nyimbo za kanisani, anatoka mikono inang'aa. Mimi nikiomba kijiko kimoja cha kutia kwenye maharage naambiwa, "Hiyo ya gari, Mama Ainembabazi." Gari linakula samli ya ng'ombe, mimi na watoto tunakula mafuta ya alizeti. Mbwa wa mtaa mzima wakahamia kwetu kulamba madigadi. Sisimizi wakajipanga kutoka kwenye kichuguu mpaka kwenye tairi. Jua likiwaka samli inayeyuka, vumbi jekundu linanata, na harufu yake wapakiaji waliisikia kabla lori halijafika. Wakampa jina, Mzee Samli. Alicheka nao. Alisema wacheke tu, wataona gari la nani litadumu.

Masika ikaja, ikanyesha kama ilivyotaka.

Siku moja baada ya mvua alikuwa akiosha gari, mimi naanua nguo, nikasikia kimya. Rwegoshora haoshi gari kimya. Nilipogeuka nikamwona amechuchumaa kwenye tairi la nyuma, kidole kiko juu ya rangi. Rangi ilikuwa imevimba vidonge vidogo, kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na uji. Akabonyeza kimoja. Kikabanduka, na chini yake kukawa na wekundu. Akakaa chini kwenye matope na suruali yake safi. Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Tukaenda naye Omurushaka kwa Mucyo, fundi wa bodi ambaye wazazi wake walitoka Rwanda wakalima Rugu. Mucyo akaingia chini ya lori. Akatoka na uchafu mwekundu kwenye kidole, akaunusa. Kisha, Mungu wangu, akauonja.

"Kaka," akasema, "humu chini mnapika?"

Rwegoshora akaeleza habari ya samli.

"Samli tu ingekushikia vumbi, na vumbi lingeshika maji. Hiyo ni shida, ila si kubwa," Mucyo akasema. "Lakini hii ina chumvi, kaka. Chumvi na maji juu ya chuma, unangoja nini? Umelipaka kutu kwa mkono wako."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa na methali hiyo mdomoni nikaimeza, maana mume wangu alikuwa ameshika mlango wa lori kana kwamba ndio unaomsimamisha. Mucyo alifanya kazi nzuri. Alikwangua kwa brashi ya waya na msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akapaka ya bluu, kisha chini kote akapiga ile rangi nzito nyeusi inayovumilia mawe. Akatuagiza tuoshe matope kila baada ya mvua, maji matupu, na tusipake kitu chochote kinacholika.

Njiani kurudi nikasema, "Sasa utamwambia mama."

"Simwambii."

"Rwegoshora, waitu, mwenzangu, ataendelea kuleta."

"Alete." Aliendesha kidogo, akasema, "Unakumbuka alivyolala? Kinachomwamsha asubuhi ni kile kisabo. Nikimwambia samli yake imelila gari langu, atarudi kitandani, na safari hii hatanyanyuka. Gari litapakwa rangi tena. Mama nitampaka nini?"



Basi udanganyifu ukaanza nyumbani kwetu, nyumba ya watu wa kanisa. Mama akileta kibuyu, Rwegoshora anapiga goti, anashukuru, anachovya kidogo na kupaka kwenye mbao za ubavuni ambako hakuna chuma cha kuliwa. Mama anatazama, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anarudi. Samli iliyobaki inaingia stoo. Vyungu vikajaa, vikapangwa kama vya duka.

"Sasa nipe nikaangie," nikamwambia.

"Hapana. Mama ametoa kwa ajili ya gari. Tukiila tutakuwa tunamwibia."

Mtazameni mtu huyo. Anamdanganya mama yake kila juma na uso mkavu, lakini kijiko cha samli kwenye maharage ni wizi! Nilimpenda na kutaka kumpiga na mwiko kwa wakati mmoja. Na yeye mwenyewe hakuonja hata kwa ncha ya ulimi, ingawa nilimwona mara moja amesimama stoo anavuta tu harufu.

Tungeendelea hivyo sijui mpaka lini. Asubuhi moja tulivuka pamoja kumrudishia mama kibuyu kitupu. Tukapiga hodi, tukaamkia shikamoo, akatukaribisha ndani. Alikuwa amekaa karibu na moto, kisabo pembeni, anakunywa chai. Rwegoshora akaangalia kikombe. Ilikuwa chai ya rangi.

"Mama, ng'ombe haumwi?"

"Hajambo kabisa."

"Maziwa yako wapi, basi?"

Mama akacheka. "Maziwa yako kwenye kisabo. Nikinywa mimi, wewe utapata nini? Ng'ombe ni mmoja, mwanangu. Mimi nimeshazoea ya rangi."

Mume wangu akavua kofia. Nikajua anakwenda kusema ukweli, na nikaanza kuomba kimyakimya, maana hata mimi sasa niliogopa. Akapiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya udongo akasema kila kitu. Alisema namna alivyopaka gari zima juu na chini, namna rangi ilivyovimba, alivyosema Mucyo, mbao za ubavuni, vyungu vya stoo. Alisema kwa haraka, kama mtu anayetaka kufika kabla gari halijazimika. Alipomaliza hakuinua uso.

 Mama Kokwijuka akaweka kikombe chini. Nikasema moyoni, basi, tumempoteza.

"Uliipaka yote?" akauliza.

"Yote, mama. Na ile ya sasa iko yote."

"Wewe hukula?"

"Sikula, mama. Ningekulaje? Ilikuwa ya gari."

"Hata kidogo? Tangu gari lije?"

"Hata kidogo."

Mama akamtazama, akanitazama na mimi, kana kwamba anauliza nimeishije na mtu huyu. Macho yake yakajaa maji.

"Rwegoshora," akasema, "siku ile ya kwanza nililigusa gari kwa kidole. Kidole kimoja. Nyingine zote nilikuletea wewe. Nilikuona umekonda na hizo safari zako. Nilikuona unapaka mbao, nikasema acha mtoto afurahie gari lake, nyingine atakula." Akafuta uso kwa pembe ya kanga. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa husogei kwenye samli isiyo na chumvi. Ulisusa, ulilala na njaa. Ndiyo maana naitia. Mwanangu, ni nani anayelitilia gari chumvi?"

Rwegoshora akalia. Alilia kwa sauti, mtu aliyevuka mlima wa Rugu akiona barabara kati ya viatu vyake bila kutoa chozi. Mama akainuka bila fimbo. Akatoa ndizi kwenye chungu kilichokuwa motoni, akaziponda kwenye sahani, akachota samli mpya kwa mkono akaitia juu, ikayeyuka ikashuka pembeni. Akamwekea mwanawe mapajani, palepale sakafuni.

"Kula," akasema, "nikikuona."

Akala. Mama hakukaa mpaka sahani ilipokuwa tupu.