Bwawa Lililonyolewa

Tulitoka Kisumu kwa gari la moshi, daraja la tatu, mimi nikikalia gunia la sufuria. Kutoka Nakuru mkokoteni wa ng'ombe ukatupandisha mchana kutwa hadi shamba la mzungu, ambako baba alikuwa amepata kazi ya kutunza bwawa la mifugo. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka harufu ya pareto ikikaushwa, na vyura, rafiki yangu, vyura waliomnyima mama usingizi.

Baba alitaka aonekane mchapakazi. Wiki ya kwanza alifyeka matete yote kuzunguka bwawa, tukaezekea nyumba. Kwetu matete yalikuwa paa na mikeka. Hatukujua yana kazi nyingine.

Jirani yetu, mama aliyelea ndama wa shamba, alikuja na debe lake akasimama ukingoni.

"Mzee, umelinyoa bwawa kama kichwa cha mfungwa. Sasa ng'ombe wataingilia wapi?"

"Popote wanapotaka," baba akajibu.

"Haya basi, utaona."

Tuliona. Zamani matete yaliwazuia ng'ombe, wakanywa upande mmoja tu, kwenye mawe. Sasa waliingia kila mahali, wakakanyaga kingo hadi maji yakawa kama uji wa wimbi. Vyura wakanyamaza. Ndama wakaanza kuhara. Nyapara akamwambia baba, "Mwezi ukiisha maji yakiwa hivi, funga mizigo." Na hatukuwa na pa kurudi; shamba la babu walikuwa wamegawana baba zangu wakubwa.

Tulizungusha ua wa miiba, tukaacha njia ya mawe peke yake. Kila asubuhi tulichimba mashina ya matete mtoni, tukayabeba kwa magunia yaliyotuchuruzikia tope mgongoni. Baba akayapanda kwa mistari. Jirani alicheka mpaka akaketi chini.

"Mahindi hayo? Acha mapengo, mzee. Hata bata anataka mlango."

Mwezi ulipoisha nyapara alichota maji kwa kikombe, akayatazama juani, akayamwaga. "Bakini," akasema. Mama alipika chapati, ingawa haikuwa Krismasi.

Tangu hapo baba alikata matete ya upande mmoja tu kila kiangazi, mwaka unaofuata akahamia mwingine. Bata maji walirudi, na mdiria, yule ndege mvuvi, na kelele zile za vyura ambazo mama sasa alizisifu. "Mwenye haraka hunywa tope," jirani alizoea kuniambia. Namshukuru hadi leo, ingawa mimi na miguu yangu hii nimehama miji mingi bila kumsikiliza. Majuzi nilipita pale. Bwawa halipo tena; ni mahindi matupu hadi barabarani.

Siku niliyoondoka kabisa, kwenda shule ya bweni, nilishika njia ya mkato ya ukingoni, sanduku kichwani. Baba, aliyekuwa majini hadi magotini, aliinua mkono kunizuia: korongo alikuwa amelalia mayai ndani ya matete. Nikazunguka bwawa lote, polepole, na nusura mkokoteni wa kwenda Nakuru uniache.